Mzee wa Jumatano

"Mama Meno, unajua hayo mashati unayoyafua ni ya mwizi?"

Aliyeniambia ni msusi, jirani yangu wa chumba cha chini. Alikuwa ameegemea ukuta wa uani, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeinamia karai, nasugua kola. Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala.

"Mwizi wa nini?"

"Wa pesa za watu, wa nini tena! Huyu mzee wako alikuwa mkubwa kule kwenye Mfuko wa akiba za wafanyakazi, ule uliofunga milango watu wakabaki wanalia barabarani. Mteja wangu wa jana, mama yake alikuwa karani hukohuko. Anasema huyu ndiye aliyekuwa ananunua yale makaratasi yaliyowafilisi. Na alipoona mambo yanaharibika, akawatonya ndugu zake. Wakatoa zao kimyakimya, wote, hata shangazi. Wenzao wamefika kesho yake, wamekuta ukuta." Akashusha sauti. "Unamwona kila Jumatano anavaa koti anatoka? Anakwenda alikozificha."

"Kama anazo, mbona anakaa na sisi?"

"Ndiyo ujanja huo, shoga! Mwizi mwenye akili hakaangi nyama dirisha likiwa wazi."

Akacheka, akarudi kwa mteja wake aliyekuwa amekaa na nusu ya kichwa kimesukwa. Mimi nikabaki na lile shati mkononi. Lilikuwa jeupe, la kitambaa kizuri cha zamani, na kola yake ilikuwa imeshageuzwa mara moja ili upande uliochakaa ukae ndani.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja, vyumba kumi na viwili, bomba moja. Ngazi yake ya tatu imevunjika pembe, na wote tumezoea, tunainua mguu bila kutazama. Mzee alikuwa anakaa juu, chumba kinachotazamana na changu. Aliletwa na mkokoteni mmoja: kitanda, meza, viti viwili, na sanduku la mashati. Meza aliiweka dirishani. Juu yake hapakuwa na kitu isipokuwa penseli na rula. Rula ile alikuwa anaisomea gazeti. Anaiweka chini ya mstari, anasoma, anaishusha, anasoma mwingine, kama mtu anayeogopa jicho lisimrukie kitu.

Watu walimwita Mzee wa Jumatano, ingawa ukimtazama vizuri si mzee wa kihivyo. Nywele zilikuwa zimetangulia, yeye hajafika. Siku sita anashinda na fulana na kandambili. Jumatano saa nne anashuka ngazi amevaa koti na viatu vya kamba, na saa saba anarudi. Alikokwenda hakuna aliyejua.

Mimi nilimpenda kwa sababu ya mwanangu. Binti yangu aliota meno mawili akiwa na miezi minne, nyumba nzima ikaja kushuhudia, na ndipo akaitwa Bibi Meno na mimi nikawa Mama Meno. Baba yake anapakia malori, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mwanamume ambaye mwanangu alimjua kwa sura alikuwa huyu wa chumba cha pili. Kila nikimpelekea nguo, alimpokea mtoto, akamkalisha mezani, akamwambia, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kikao kimetimia. Bodi inasemaje leo?" Bibi Meno anamtemea udenda kwenye rula. "Imepita bila kupingwa," anasema mzee.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki. Baada ya siku ile ya msusi nilianza kuziweka nguo mlangoni, nabisha, naondoka. Sikujua namuogopa nini. Mara ya tatu mlango ulifunguliwa kabla sijageuka.

"Umeshaambiwa," alisema.

Nikatazama chini.

"Umeambiwa lipi? Maana yako mengi. Kuna la kwamba niliiba. Kuna la kwamba nililala usingizi kazini. Na kuna la kwamba mke wangu alikuwa mchawi. Hilo la mke silikubali. Mungu amrehemu, yule alikuwa anaogopa hata kuku."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamwambia tu nilichosikia. Kwamba alijua Mfuko unafunga, akawatonya ndugu zake wakatoa zao.

Kisha akavuta kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Hilo ni jipya," alisema. "Na katika yote, hilo ndilo ningetamani liwe kweli."

Mvua ilikuwa imeanza, kubwa, ya kupiga bati. Nguo nyingine nilikuwa nimeshazianua. Nikakaa kwenye kiti cha pili na mtoto mapajani, mlango wazi. Alinisimulia siku ile mpaka mvua ikakata, na mengine aliniongezea siku zilizofuata, kila nilipomletea mashati.

Wazazi wao walifariki mwaka mmoja, yeye akiwa na miaka tisa. Alibaki na dada yake wa miaka kumi na tisa. Dada akapata kazi hospitalini, chumba cha kufulia.

"Alifua kama wewe," mzee aliniambia, "ila yeye alifua damu za watu. Mashuka. Akirudi vidole vimejikunja, hawezi kushika kijiko, namlisha mimi. Halafu anatoa ada ya shule kifuani, imelowa."

Kulikuwa na kijana mmoja, fundi wa redio, aliyetaka kumuoa. Dada akamwambia, mwache kwanza huyu mdogo wangu amalize shule. Kijana akachoka, akaoa kwingine. Dada hakuolewa mpaka mdogo wake alipopata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya tarishi, hapohapo kwenye Mfuko. Kila Jumatano serikali ilikuwa inauza karatasi zake za mkopo, na Mfuko unanunua. Mzee, kijana wakati huo, anapewa bahasha yenye bei ya Mfuko, imefungwa kwa lakiri, anaipeleka benki kuu, anaidumbukiza kwenye kasha lenye kufuli mbili kabla ya saa tano kamili. Saa tano ikigonga, kasha linafungwa, hata ungekuwa mjomba wake gavana. Siku moja aligongwa na baiskeli njiani, suruali ikachanika, goti likafunguka. Akaingia benki kuu anachuruzika damu, bahasha haina hata tone, saa tano kasoro dakika mbili. Wakubwa wakaanza kumuuliza jina.

Jioni akasoma uhasibu, dada analipa. Akawa karani, akawa mnunuzi, na baada ya miaka ishirini akawa mkurugenzi wa uwekezaji wa hatifungani, ofisi ya ghorofa ya nne, dereva mlangoni.

"Hatifungani ndiyo nini, mzee?" nilimuuliza.

Akafikiri. "Wewe chumba chako unalipa kwa mwezi, sivyo? Sasa chukulia mwenye nyumba ameandikishana na wewe miaka ishirini kwa kodi ya leo, haipandi wala haishuki. Baada ya mwaka, vyumba vya mtaa mzima vimepanda mara mbili. Mwenye nyumba akitaka kuuza nyumba, mkataba wako ukiwa ndani, nani atampa bei nzuri?"

"Hakuna. Atauza kwa hasara."

"Sasa mimi ndiye mwenye nyumba. Kodi ni riba. Mpangaji ni serikali, analipa vizuri sana, hana neno. Ila nimefungana naye miaka ishirini."

"Si ungekaa naye tu mpaka iishe?"

"Ndivyo nilivyotaka," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Karatasi haikuwa mbovu, mwanangu. Ukisubiri mwisho wake unapata chako chote. Miaka kumi na moja nilinunua zile ndefu, bodi inanipigia makofi, kwa sababu ndefu zilikuwa zinalipa zaidi kidogo. Kisha bei za vitu zikapanda, riba ikapanda. Halafu viwanda viwili vikafungwa mwaka mmoja, watu maelfu wakaja kuchukua akiba zao kwa mkupuo. Mtu akitaka unga leo huwezi kumpa karatasi ya miaka kumi na tatu ijayo. Ikabidi tuuze. Kila tukiuza, tunauza kwa bei ya kutupa, shimo linazidi. Nilinunua ndefu mno. Hilo ni langu, simsingizii mtu."

Akachukua rula akainyoosha sambamba na ukingo wa meza, ingawa ilikuwa imenyooka.

Ijumaa moja bodi ilikaa mlango umefungwa. Ikaamuliwa kwamba kuanzia mwezi unaofuata, kila mwanachama atapewa theluthi ya akiba yake, na iliyobaki atalipwa baadaye, pole pole, Mungu akipenda. Tangazo litatoka baada ya siku kumi na moja. Wote waliokuwa chumbani wakatia sahihi kwamba hawatamwambia mtu, awe mke, awe mtoto.

Jumapili yake alikwenda kwa dada kula, kama alivyokwenda kila Jumapili ya maisha yake.

Dada alikuwa amestaafu mwezi huohuo. Miaka arobaini ya kufua mashuka, na kila mwezi amekatwa kidogo kikaenda kwenye Mfuko wa mdogo wake. Alikuwa na kiwanja na kuta za vyumba vinne zilizofika kwenye linta, hazijaezekwa. Fomu ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa plastiki isishike mafuta. Ilikuwa na viboksi viwili: kuchukua zote sasa, au kuziacha miaka mitano zizae.

"Akaniuliza," mzee alisema. "Ameshika sufuria mkononi. Akasema, haya, bwana mkubwa, wewe ndiye mwenye elimu. Nichukue au nisubiri?"

Mvua ilikuwa imepungua. Nilimsikia mwanangu akinyonya kidole.

"Nikimwambia achukue, namtoa mbele ya foleni ya watu elfu arobaini. Pesa ilikuwa haitoshi. Atakayetoka na chake chote, anatoka na cha mwenzake ndani. Wale wengine nao wana dada zao. Hilo nililiona wazi, na nalo mpaka leo sijaliona vinginevyo."

"Basi si ungenyamaza? Ukasema hujui?"

"Kazi yetu, mwanangu, ukinyamaza umeshasema. Mnunuzi akikawia kujibu pumzi moja, sokoni wote wanajua. Na huyu ni mtu aliyenifuta kamasi. Ningemeza mate tu, angeisoma. Kwa hiyo nilimjibu haraka, kama ninavyomjibu kila mtu. Nilimwambia, 'Subiri tu, dada.'"

Akatazama dirishani.

"Akafurahi. Akaniongezea chai."

Wenyewe husema subira yavuta heri. Ulimi wangu uliipitia ile methali nikaurudisha. Nikamtazama yule mzee mwenye fulana iliyochakaa mabegani, nikajiuliza, angekuwa kaka yangu ningetaka afanye nini? Nikajijibu upesi kwamba ningetaka aniambie. Halafu nikamkumbuka mama wa yule mteja wa msusi, na wengine nisiowajua. Jibu langu likapotea.

Tangazo lilipotoka, foleni ilizunguka jengo la Mfuko mara mbili. Kutoka ghorofa ya nne alimwona dada yake jua kali, amejifunika kichwa kwa ule mfuko wa plastiki wenye fomu. Hakuja mapokezi kutaja jina la mdogo wake. Alisimama kama wengine mpaka saa tisa, akapewa theluthi, akaondoka. Jioni mzee alimfuata nyumbani. Dada hakumkaribisha ndani. Alimuuliza neno moja mlangoni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akafunga mlango.

Mwaka huo mzee akaacha kazi. Nyumba aliyokuwa anakaa ilikuwa ya mkopo wa kazini, kazi ikiondoka nyumba inaifuata. Akiba yake mwenyewe ilikuwa kwenye Mfuko uleule, na hakuwa ameigusa, naye akapata theluthi. Mke akaugua, ile theluthi ikaishia hospitali, na mke akafa. Kidogo alichojinyima alikuwa anampelekea dada kila mwezi kwenye bahasha. Bahasha zilirudi. Moja tu ilirudi na maandishi, kwa penseli: *Sitaki yako. Nataka yangu.*

Nilirudi chumbani kwangu siku ile. Na hapo ndipo nilipokosea. Nilifikiri nikimsafisha mzee kwa msusi, nyumba nzima itatakata. Asubuhi nikashuka, nikamwambia yote.

"Yaani," msusi alisema, kitana kimesimama hewani, "hakumtonya hata dada yake?"

"Hata dada yake."

"Aliyemlea?"

"Ndiyo."

"Basi huyo si mwizi, Mama Meno. Huyo ni mbaya zaidi! Mwizi walau anashibisha wa kwake."

Mteja aliyekuwa chini ya mikono yake akaguna, "Mh, moyo wa jiwe." Nikajua nimemwaga maji ambayo hayazoleki.

Siku tatu hazikupita, mzee akashuka na ndoo bombani. Maji yalikuwa yanatoka kama uzi, foleni ya ndoo imefika ngazini. Kijana mmoja wa chumba cha pembeni akamwambia kwa sauti, "Mzee, hebu tushauri wewe mtaalamu. Nichukue sasa au nisubiri?"

Watu wakaangua kicheko. Msusi naye alicheka, kisha akaniona, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mzee aliiweka ndoo yake mwisho wa foleni. "Chukua," alimwambia yule kijana kwa upole. "Na usimwachie mtu." Akapanda juu mikono mitupu. Ndoo ilikaa pale mpaka mchana, nikaijaza mimi, nikampelekea.

Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nilifungua mdomo, akaniwahi.

"Hukusema uongo," alisema, akaipokea ndoo. "Mheshimiwa amekula?"

Toka hapo nilizidi kuona aibu kwa wema wake kuliko ambavyo ningeona kwa hasira zake. Nikaanza kuyapiga pasi mashati bila kuagizwa. Naye hakunizuia.

Wiki chache baadaye Bibi Meno alikuwa na siku ya kupimwa uzito na kuchomwa sindano. Kliniki ilikuwa Jumatano. Nilipofunga mlango, mzee naye alikuwa anafunga wake, koti limekaa, viatu vinang'aa.

"Kliniki? Basi njia yetu moja," alisema, akanipokea mkoba wa nepi.

Tulitembea bila haraka. Alinyoosha mkono kuzuia baiskeli tulipovuka, mwanangu akamvuta sikio. Nikapata ujasiri wa kumuuliza anakwendaga wapi.

"Kumwona dada."

"Kumbe mnaonana!"

"Mimi namwona."

Tulipita kliniki, sikusimama, nikajiambia sindano haina mguu, haitakimbia. Tulifika mtaa wa nyumba mpya mpya, nusu zimekwisha, nusu zinangoja. Akasimama kando ya benchi la duka moja, ng'ambo ya nyumba yenye kuta za vyumba vinne. Viwili vilikuwa na bati. Viwili vilikuwa wazi juu, na ndani yake majani yameota mpaka madirishani.

Nikaingia dukani kumnunulia mtoto biskuti. Muuza duka, mama mmoja mnene mwenye macho ya kuona kila kitu, akanong'ona, "Uko naye?"

"Ni jirani yangu."

"Huyu mwaka wa nne sasa. Hanunui kitu zaidi ya soda moja, na haimalizi. Na yule bibi pale ng'ambo anakaa barazani kila siku, kiti kimetazama njia, anasalimia hadi mbuzi. Jumatano tu ndiyo anakigeuza. Anakaa ametazama ukuta mpaka huyu aondoke."

Nilimpa mtoto biskuti moja. "Anajua yupo?"

"Kama hajui, kiti kinageuzwa na nani?"

Nilichungulia nje. Kwenye baraza ya ile nyumba, kweli, alikuwapo mwanamke mwenye mgongo mpana na kilemba cheupe, amekaa ametupa kisogo. Lakini mbele ya nyumba palikuwa na lori dogo ambalo sikuwa nimelijali tulipofika. Magodoro mawili yalikuwa yameshapanda. Masufuria yamefungwa kwenye shuka. Kijana mmoja mpakizi alikuwa anahangaika na kabati la mbao, upande mmoja umeinuka, upande mmoja umegoma.

"Anahama?" nilimuuliza muuza duka.

"Hujaambiwa? Ameuza. Miguu imevimba, hawezi tena kukaa peke yake. Anakwenda kwa mwanawe, mbali sana huko, safari ya siku mbili. Leo hii wakimaliza kupakia."

Nilitoka. Mzee alikuwa amesimama wima, hajakaa benchi. Sikuhitaji kumwambia, alikuwa ameshaona. Uso wake ulikuwa umebadilika kama wa mtoto aliyeachwa sokoni. Akauhamishia mkoba wa nepi mkono mwingine, kisha akaurudisha.

"Mzee," nilisema, "nenda."

"Nikivuka atanyanyuka aingie ndani. Miguu yake ile. Nitakuwa nimemsimamisha bure."

"Ataondoka."

"Naona."

Ng'ambo, mpakizi aliita, "Bibi, hili kabati linataka mtu wa pili! Peke yangu litaniua!"

"Sasa mtu wa pili nimtoe wapi, mwanangu?" yule mwanamke alijibu, bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye kukwaruza kidogo, na nilimwona mzee akifumba macho ilipomfikia. Miaka yote ile alikuwa anauona mgongo. Sauti, nadhani, hakuwa ameisikia tangu mlangoni.

"Basi tuvunje mlango wake, lipungue uzito," mpakizi alisema.

"Thubutu! Kabati hilo nimelinunua kwa mshahara wangu. Litatoka zima au litabaki."

Mzee alifungua macho. Akavua koti lake, akalikunja kwa uangalifu, akaliweka kwenye benchi la muuza duka. Akakunja mikono ya shati, lile lililogeuzwa kola, mara mbili, mpaka juu ya viwiko. Viwiko vyake vilikuwa vyembamba kuliko nilivyodhani. Akapiga hatua moja barabarani, akasimama, akarudi. Akamtazama mwanangu, akamfuta makombo ya biskuti kidevuni kwa kidole gumba. Kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu," alisema, "nina ombi. Tangulia wewe na mtoto. Msalimie vizuri. Mwambie yupo mtu hapa nje anaweza kushika upande wa pili wa kabati, na hataki malipo. Akikuuliza ni nani, mtajie. Na akikuuliza jambo jingine lolote, liwe lipi, mjibu kama lilivyo, nakuomba, usimbadilishie."